Jeraha limepona, kirusi kiko safarini

Kuna swali ambalo sisi madaktari huulizwa kila mara na watu walioumwa na mbwa, hasa wakati wa sindano ya tatu unapofika. "Daktari, jeraha limekauka, sina homa, nala vizuri na kulala vizuri. Nidungwe sindano nyingine ya nini?" Ni swali la busara, na aghalabu anayeliuliza ametoa nauli na pesa za chanjo mfukoni mwake mara mbili tayari. Kumwambia tu kwamba daktari amesema hakutoshi. Jibu lenyewe limo katika safari ya kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na leo, msomaji, ningependa tuifuate safari hiyo kutoka jinoni mwa mbwa hadi ndani ya ubongo wa mtu.

Ugonjwa tunaouzungumzia ni kichaa cha mbwa. Hapa Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na haujatuondoka tangu hapo. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015, unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote katika bara la Afrika na Asia. Takriban wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Hao ndio wanaocheza na mbwa, ndio wanaokimbia wakifukuzwa, na ndio wanaoficha nyumbani kwamba wameumwa kwa kuogopa kuchapwa.

Kwanza tuelewane kuhusu kirusi. Watu wengi hudhani kirusi ni mdudu mdogo kama bakteria. Bakteria ni seli kamili: hula, hutoa uchafu, na hugawanyika yenyewe bila kumwomba mtu. Kirusi hakina hayo yote. Ni kama karatasi ya maagizo iliyofungwa ndani ya bahasha. Karatasi isipofika ndani ya karakana ya mtu mwingine, haiwezi kutengeneza chochote. Karakana hiyo ni seli ya mwili wako.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi ya bunduki. Urefu wake ni nanomita 180 hivi, maana yake ni kwamba ukivipanga virusi 5,000 kichwa kwa mkia, mstari wao hautafika milimita moja. Maagizo yake yanatosha kutengeneza aina 5 tu za protini. Nje kimevaa koti jembamba la mafuta, ambalo kilijifunika nalo kikitoka katika seli kilimotengenezwa, na juu ya koti hilo imesimama mamia ya miiba ya protini. Naomba uyakumbuke mambo haya mawili, koti la mafuta na miiba. La kwanza ndilo linaloshambuliwa na sabuni, na la pili ndilo linaloshambuliwa na chanjo.

Jambo jingine ni kwamba kirusi hakitembei. Hakina miguu, hakina mkia wa kuogelea wala nguvu yake chenyewe. Kila mahali kinapofika, kimebebwa.

Mlangoni

Ngozi nzima ni ukuta ambao kirusi hiki hakiupenyi. Mbwa akikulamba mkononi na huna hata mchubuko, huna haja ya kutibiwa. Lakini jino linapotoboa ngozi, au ukucha uliolowa mate unapokwaruza, au mate yanapogusa jicho, mdomo au kidonda, ukuta umebomoka. Mate huachwa ndani ya nyama, yaani kwenye msuli, na humo mna virusi vinavyoelea tu bila uwezo wa kwenda popote.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando, na kwenye utando huo kuna vipokezi. Fikiria mtaa wa nyumba wenye lango na bawabu. Bawabu hamfungulii kila mtu, bali hufungulia magari anayoyajua. Vipokezi havikuwekwa hapo kwa ajili ya virusi. Viliwekwa ili vipokee homoni, chakula na ujumbe kutoka kwa seli nyingine. Kirusi ni tapeli aliyebandika nambari za gari la mwenye nyumba. Ndiyo maana kila aina ya kirusi ina milango yake. Kirusi cha UKIMWI hushika kipokezi kiitwacho CD4, kilichoko kwenye baadhi ya chembe nyeupe za damu, nacho kile kilichotuletea COVID-19 hushika kingine kiitwacho ACE2, ambacho kipo kwenye mapafu na sehemu nyingine kadhaa. Pasipokuwa na kipokezi kinachofaa, kirusi hupita kama mgeni asiyejulikana.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hupenda mahali ambapo neva hukutana na msuli. Hapo neva humwaga kemikali iitwayo asetilkolini, nao msuli huipokea kwa kipokezi maalum na kujikunja. Hivyo ndivyo unavyoinua kikombe cha chai. Mwaka 1982, Thomas Lentz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba kirusi hiki hung'ang'ania kwenye kipokezi hichohicho. Miaka miwili baadaye waligundua jambo ambalo mimi binafsi sijaacha kulistaajabia: sehemu fulani ya mwiba wa kirusi inafanana na sumu ya baadhi ya nyoka wa jamii ya swila. Nyoka na kirusi havina udugu wowote, lakini vimefikia ufunguo mmoja kwa kufuli moja. Sumu ya nyoka hulifunga lile kufuli ili msuli ulegee hapohapo. Kirusi hakina haraka hiyo, kwani chenyewe kinatafuta usafiri.

Kikiwa kando ya neva, kirusi hushika vipokezi vingine vilivyo kwenye ncha ya neva yenyewe. Hapo hakivunji mlango. Utando wa seli hubonyea taratibu kukizunguka, ukajikunja na kufunga, na kirusi hujikuta ndani ya kijifuko, kama mtu aliyemezwa mzima. Seli humeza hivyo mamilioni ya vitu vyema kila siku, na haikutambua kwamba safari hii imemeza adui.

Katika seli nyingi za kawaida, kinachofuata ni cha haraka. Kijifuko huanza kujaa asidi, kwa kuwa kazi yake ni kuyeyusha kilichomezwa. Lakini asidi hiyo ndiyo ishara ambayo kirusi kiliingoja. Ile miiba hubadilika umbo, hujichoma kwenye ukuta wa kijifuko na kuuvuta hadi koti la mafuta la kirusi na ukuta huo vikaungana na kuwa kitu kimoja. Tundu hufunguka, na ile karatasi ya maagizo humwagika ndani ya seli. Kirusi cha homa ya mafua hutumia hila hiyohiyo ya asidi. Katika neva, hata hivyo, kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa ndani ya kijifuko kwanza. Karakana iko mbali.

Reli ya ndani ya neva

Ili uelewe umbali huo, yafaa ujue umbo la seli ya neva. Ile inayoamuru kidole chako cha mguu ina mwili wake ndani ya uti wa mgongo, na kutoka hapo hutoa mkia mmoja mwembamba unaoshuka hadi mguuni, kwa mtu mzima karibu mita moja. Lau mwili wa seli hiyo ungekuwa na ukubwa wa mpira wa kandanda, mkia wake ungefika zaidi ya kilomita 4, kama kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi Westlands. Na hiyo yote ni seli moja.

Seli ndefu namna hiyo haiwezi kungoja vitu visambae vyenyewe. Imejijengea reli, nayo ni mirija midogo ya protini iliyolazwa ndani ya mkia, mmoja baada ya mwingine, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Juu ya mirija hiyo hutembea protini za kubeba mizigo. Aina iitwayo kinesini huchukua bidhaa kutoka kwenye mwili wa seli na kuzipeleka nje kwenye ncha. Aina iitwayo dainini huleta mizigo kutoka kwenye ncha ikirudi kwenye mwili wa seli: vitu vilivyochakaa, pamoja na habari kutoka mikoani, kwa mfano homoni zinazoiambia seli kwamba bado inahitajika na iendelee kuishi.

Kijifuko chenye kirusi hufungwa kwenye dainini. Kirusi kinapanda treni inayoelekea makao makuu, na hakijalipa nauli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanasayansi walivitazama virusi hivi vikisafiri ndani ya seli hai za neva, wakaona kwamba kirusi kilichoingia kwa kushika kipokezi cha homoni moja ya kukuza neva husafiri kwa kasi kuliko homoni yenyewe inaposafirishwa kwa njia hiyo. Abiria wa kudandia amemfanya dereva akanyage mafuta.

Njia hiyo haitumiwi na kichaa cha mbwa peke yake. Sumu ya pepopunda hupanda kwa dainini vilevile kutoka kwenye jeraha hadi kwenye uti wa mgongo. Nalitaja hili kwa sababu maalum. Watu wengi walioumwa na mbwa hupita kwenye zahanati, wakadungwa sindano moja ya pepopunda, wakarudi nyumbani wakiamini wameshatibiwa. Sindano hiyo ni nzuri na inahitajika, lakini haikingi kichaa cha mbwa hata kidogo. Ukitoka kliniki, uliza kwa jina: "Nimedungwa ya kichaa cha mbwa, au ya pepopunda?"

Hesabu ya siku

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana hapa ndipo uhai wa mtu unapoamuliwa. Katika seli za neva zilizokuzwa maabara, kasi ya kirusi hiki ilipimwa kuwa kati ya sentimita 5 na 10 kwa siku. Kwa kasi hiyo, kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi kwenye uti wa mgongo kingechukua wiki mbili au tatu. Lakini mgonjwa wa kawaida huanza kuugua miezi miwili au mitatu baada ya kuumwa. Wengine huugua kabla ya hapo, hata baada ya wiki moja, na wengine baada ya mwaka mzima. Siku hizo nyingine kirusi kilikuwa wapi?

Kwa sehemu kubwa kilikuwa bado kwenye jeraha. Kinakaa ndani ya msuli, pengine kikizaana humo kidogo kidogo, kabla ya kupata neva. Kungoja kituoni huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Na maadamu kiko kituoni, nje ya neva, mwili wako unaweza kukikamata. Kikishapanda treni, kimejificha mahali ambapo kingamwili zinazozunguka kwenye damu hazikifikii kwa urahisi.

Louis Pasteur hakujua lolote kuhusu reli hizi, wala hakuwahi kukiona kirusi chenyewe, kwa kuwa hadubini za zama zake hazikuwa na nguvu hiyo. Alichojua ni kwamba ugonjwa huu hukawia. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, aliyekuwa ameumwa siku mbili kabla. Alichanjwa mara 13 kwa siku chache, na akaishi. Magonjwa ambayo mtu anaweza kuchanjwa baada ya kuambukizwa na bado akaokoka ni machache mno. Hili limo miongoni mwake kwa sababu moja tu, kwamba safari yake ni ndefu.

Kwa hivyo kila tunachokwambia ufanye kinalenga mahali kirusi kilipo saa hiyo.

Saa ya kwanza kiko kwenye jeraha, kimevaa koti lake la mafuta. Sabuni huyeyusha mafuta, kama unavyojua unapoosha sufuria. Koti likiyeyuka, miiba huanguka na kirusi hakina tena cha kushikia mlango. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukiyatazama kwenye saa, si kwa kukisia. Sabuni ya kufulia inafaa kama ya kuogea. Kisha paka ayodini au spiriti ikiwa ipo. Fanya hivi kabla ya kutafuta gari la kwenda hospitali. Nimeona majeraha yaliyojazwa jivu, pilipili, mafuta ya taa, na mengine yamefungwa jiwe jeusi ili "livute sumu". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa kirusi, na vyote hupoteza muda ambao sabuni ingefanya kazi. Pia usikubali jeraha lishonwe harakaharaka kama linaweza kungoja, maana sindano ya kushonea yaweza kusukuma mate ndani zaidi.

Ukifika hospitali, chanjo huanza siku hiyohiyo. Ndani yake mna virusi vilivyouawa, na miiba yao huufundisha mwili wako umbo la adui. Lakini mwili hauhitimu kwa siku moja. Huchukua siku 7 hadi 14 hivi kabla ya kutoa kingamwili za kutosha, na sindano zinazofuata ndizo zinazoziongeza na kuzidumisha. Ratiba iliyozoeleka kwa muda mrefu ya kudunga msulini ni siku ya kwanza, ambayo sisi huiita siku 0, kisha ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Zipo ratiba nyingine fupi zaidi, zikiwemo za kudunga kidogo kidogo ndani ya ngozi, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2018. Fuata ile iliyoandikwa kwenye kadi yako. Ukikosa siku, usikae nyumbani ukidhani mambo yameharibika. Nenda kesho yake, uendelee pale ulipoachia.

Anayeacha katikati kwa sababu jeraha limepona amesoma ishara isiyohusika. Ngozi iliyofunga haituelezi lolote kuhusu kirusi kilichobaki chini yake kwenye msuli. Kidonda kinaweza kupona vizuri sana huku abiria wetu akingoja treni.

Ikiwa jeraha limetoboa ngozi, au mate yameingia machoni au mdomoni, kuna dawa ya pili, nayo ni imunoglobulini. Hizi ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, za kuziba pengo la zile siku ambazo mwili wako bado uko darasani. Hudungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe, kwa kuwa huko ndiko kirusi kiliko. Najua ni ghali, na najua mara nyingi haipatikani. Ikikosekana, kosha kwa sabuni na chanjo visingoje. Ikipatikana ndani ya siku 7 tangu chanjo ya kwanza, bado ina faida. Na kama hospitali ya kwanza haina hata chanjo, omba wakupigie simu hospitali nyingine kabla hujapanda matatu. Kurudi nyumbani kungoja ziletwe ni hatari.

Wazee wetu bado wanasimulia zile sindano nyingi za tumboni, na kuna watu wazima wanaotoroka hospitali kwa kuziogopa. Hizo zilikuwa za chanjo ya zamani. Siku hizi hudungwa juu ya mkono, au pajani kwa mtoto mdogo. Haipasi kudungwa makalioni, kwani huko haifanyi kazi ipasavyo. Mama mjamzito na mtoto mchanga pia huchanjwa. Ugonjwa huu haumhurumii yeyote, kwa hiyo hakuna wa kuachwa.

"Nipime damu kwanza"

Wengine husema, hasa wenye bima nzuri, "Daktari, nipime damu kwanza, kirusi kikiwamo nitachanjwa." Ningefurahi kama kipimo hicho kingekuwapo. Kirusi hiki hakisafiri kwa damu. Kimo ndani ya msuli, kisha ndani ya neva, kimya. Hakiiui seli kinamopita, na moja ya zile protini zake 5 huzima intaferoni, ambayo ndiyo kengele ya hatari ambayo seli iliyovamiwa huwapigia wenzake. Kwa sababu hiyo hakuna homa, hakuna uvimbe, wala kingamwili za kupimwa. Kipimo kinapoanza kuonyesha kitu, treni imekwisha kufika.

Inapofika kwenye mwili wa seli, ndani ya uti wa mgongo, kijifuko hufunguka kwa ile hila ya asidi na maagizo humwagika. Kirusi cha UKIMWI na cha mafua hulazimika kwenda mbele zaidi, hadi ndani ya kiini cha seli. Hiki cha kichaa cha mbwa hukaa nje ya kiini na kujijengea karakana hapo. Karakana hizo huonekana kwa hadubini kama madoa ya mviringo, na daktari Mwitaliano Adelchi Negri ndiye aliyeyaeleza mwaka 1903. Kwa miaka mingi yalikuwa ndiyo dalili ambayo maabara ziliitafuta katika ubongo wa mbwa aliyekufa. Virusi vipya hutoka, vinavuka pengo dogo lililo kati ya neva na neva, vinapanda treni nyingine, kisha nyingine, na baada ya siku chache vimeenea ubongoni.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni mwasho au ganzi pale pale mbwa alipouma, mahali palipopona wiki nyingi zilizopita. Kisha huja homa, wasiwasi, na ile hali ambayo aliyeiona mara moja haisahau: mgonjwa ana kiu kali, lakini akiletewa kikombe cha maji koo lake hujikaza kwa maumivu hadi anakisukuma mbali. Si kwamba ameroga au amerogwa. Neva zinazoongoza kumeza zimevurugwa. Kuanzia hapo hatuna dawa. Mwaka 2004 msichana mmoja wa Wisconsin, Marekani, ambaye hakuwa amechanjwa, alinusurika baada ya kulazwa usingizi mzito kwa dawa. Njia hiyo ilijaribiwa kwa wengine wengi na karibu wote walikufa, na wataalamu wengi hawaipendekezi tena.

Urefu wa reli hueleza pia kwa nini jeraha la usoni hututia hofu kuliko la mguuni. Mwaka 2007 mwanamke mmoja Mholanzi alikwaruzwa usoni na popo katika Tsavo West. Hakuchanjwa. Baada ya wiki tatu hivi alianza kuugua, naye akafariki kwao Uholanzi mwezi Desemba mwaka huo. Kirusi kilichomuua kinaitwa Duvenhage, na ni binamu wa hiki cha mbwa. Mwaka 2009 binamu mwingine alipatikana ndani ya popo wa pango moja huko Shimoni, Pwani ya Kusini, akapewa jina la mahali hapo. Popo aliyeanguka sebuleni asiokotwe kwa mkono mtupu. Mtoto mdogo naye, kwa kimo chake, huumwa kichwani na usoni zaidi ya mtu mzima. Huyo asingoje hata asubuhi.

Mbwa mwenyewe

Ndani ya mbwa safari ni hiyohiyo, ila ina hatua moja zaidi inayotuhusu. Kutoka ubongoni, virusi hushuka kwa neva hadi kwenye tezi za mate. Mate hujaa virusi wakati uleule ubongo unapovurugika na mnyama anapopenda kuuma. Kwa kirusi, hakuna mpango bora kuliko huo. Lakini kwa kuwa mate hayajai virusi mpaka ugonjwa ukaribie mwisho, mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku aliyokuuma hawezi kuishi akiwa mzima kwa muda mrefu. Ndiyo maana tunasema mbwa afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari anaweza kukusimamishia chanjo. Huanzi kuzihesabu siku 10 kabla ya kuchanjwa, bali unachanjwa huku ukizihesabu.

Umati ukimpata mbwa wa namna hiyo kwanza humponda kichwa kwa mawe. Kichwa hicho ndicho chenye ushahidi. Mwachieni afisa wa mifugo amshughulikie, na ubongo upelekwe kupimwa, kwa mfano katika maabara kuu ya mifugo iliyoko Kabete. Wala usidhani kila mbwa mgonjwa huwa mkali na kutoka povu. Wengine hushikwa na kichaa cha kimya: hujificha chini ya kitanda, taya limelegea, mate yakichuruzika. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama, akatia mkono kinywani autoe. Usitie mkono. Paka, punda, mbuzi na ng'ombe pia huupata ugonjwa huu, na mfugaji anayemnywesha dawa ng'ombe anayetokwa mate yuko katika hatari hiyohiyo.

Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 ulilenga kukomesha vifo vya watu kutokana na mbwa ifikapo mwaka 2030. Nguzo yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, kwa sababu kirusi kikikosa mbwa wa kutosha wa kuambukiza hukatika chenyewe. Chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi mno kuliko ya mtu mmoja. Zoezi la kuchanja likitangazwa mtaani kwenu, peleka mbwa wako, hata yule wa kulinda duka asiye na jina, na uitunze kadi yake. Siku atakapomuuma mtu, kadi hiyo ndicho kitu cha kwanza ambacho daktari atakuuliza, pamoja na mambo haya: alimuuma lini, wapi mwilini, alichokozwa au alivamia tu, na je, sasa hivi yuko wapi?